Daraja Lisiloombwa

Kwa miaka saba nilimsomesha mtu huyu darasani. Sina maana kwamba alikuwa mwanafunzi wangu. Alinizidi umri kwa miaka isiyopungua thelathini, na elimu kwa zaidi ya hapo. Maana yangu ni kwamba nilipotaka wasichana wa skuli yetu waelewe uadilifu ni nini, sikufungua kitabu. Niliwaita dirishani saa ile anapopita kwenda kazini, mkoba wa ngozi kwapani, kanzu ameishika kidogo isiguse vumbi, nikawaambia: "Mtazameni yule. Hajawahi kujipendelea hata kwa kitu kilicho sawa na punje ya ngano."

Niliyoyasema yalikuwa kweli. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo ninapoandika: kwamba kila neno nililowaambia wale watoto lilikuwa kweli, na ukweli huo huo ndio uliotuua.

Nitamwita Karani, kama tulivyomwita sote. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa kabila gani. Katika Omani mambo hayo huulizwa kabla kahawa haijamiminwa, na yeye akiulizwa alikuwa akijibu, "Mimi ni wa ofisi ya Liwali." Jibu hilo linatosha na hapa pia.

Mji wetu ni mdogo, uko kusini ya Ibra, na umekatwa vipande viwili na wadi, yaani bonde la mto ambalo karibu mwaka mzima ni mchanga na kokoto tu, lakini mvua ikinyesha milimani hujaa ghafla, maji mekundu yakapita na kila kilicho njiani. Upande mmoja ni mji wenyewe: ngome, soko, ofisi ya Liwali na zahanati. Upande wa pili ndiko tulikopewa viwanja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, sisi tuliorejea kutoka Afrika. Wengi wetu wa Unguja na Pemba, wachache wa bara. Wenyeji walikuwa na jina lao la mtaa ule. Sisi tuliuita Ng'ambo, kwa kuwa mjini Unguja tulizoea kuwa na Ng'ambo, na skuli ya wasichana ikajengwa huko huko, ukingoni mwa wadi.

Wadi likijaa, Ng'ambo ilikuwa kisiwa. Zahanati tuliiona kwa macho, rangi yake nyeupe na mlango wake wa kijani, na hatukuweza kuifikia kwa siku moja, mbili, mara nyingine tatu. Kwa hiyo tangu mwaka wa kwanza tulikuwa na haja moja tu, nayo kila mtu aliijua kuanzia ajuza mpaka mtoto anayejifunza kusema: tulitaka daraja.

Na njia ya kulipata daraja ilipita katika mkoba wa Karani.

Kila mwaka, baada ya mavuno ya tende, wilaya ilikuwa ikiandika orodha ya mambo inayoyaomba kwa serikali. Hapo mwanzo orodha hiyo ilipelekwa wizarani; baadaye, katika miaka ya themanini, lilipoundwa baraza la ushauri kule Maskati, mjumbe wetu aliichukua na kuisoma mbele ya wenzake. Ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ni haja: barabara, kisima, mashine ya umeme, madarasa. Ya pili ni mambo ambayo wilaya ilitaka yawekewe sheria. Karani ndiye aliyezikusanya haja, akazipanga, akaziandika kwa Kiarabu safi, na Liwali wa wakati ule, mzee aliyemwamini kuliko miwani yake mwenyewe, akatia muhuri.

Alikuwa na kanuni yake: mambo saba, hayazidi. "Ukiomba arubaini," alikuwa akiniambia, "mwenye kusoma atachagua lile lililo jepesi kwake, kisha atasema amekusikiliza. Omba saba, ujue la kwanza ni lipi." Nilimwona akikaa siku nzima juu ya swali la lipi liwe la tatu na lipi la nne, kalamu mbili mbele yake, nyeusi na nyekundu, na kikombe cha chai ya tangawizi kilichopoa. Kwanza aliandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, katika daftari lenye jalada la buluu. Alidai kwamba katika Kiswahili hawezi kujidanganya. Halafu ndipo alipohamishia katika Kiarabu, katika karatasi ya serikali. Madaftari hayo hakuna aliyeyaona, na hakuna aliyeona haja ya kuyaona.

Siku ya kukusanya haja, wakubwa wa mji walikaa barzani, ukumbini kwa Liwali, na Karani kando karibu na dirisha. Mimi sikuwahi kuingia humo, wanawake hawakuingia. Lakini shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa dereva wa gari la maji la serikali na alikaa mlangoni, naye alikuwa mtu wa bara mwenye kipaji cha kuiga sauti za watu. Jioni alitukalisha uani na kutuchezea mkutano mzima.

"Anasimama huyu wa mtaa wa juu," alisema, akivuta ndevu asizokuwa nazo. "'Ya Karani, andika barabara ya lami mpaka kwangu.' Karani anamwambia, 'Mpaka kwako, sheikh, au mpaka kwenye mtaa?' 'Si ndiyo pale pale!' 'Basi niandike mpaka msikitini, na wewe utembee hatua ishirini, upate na thawabu.' Barza nzima, hoi!"

Na mwaka mwingine: "Leo ugomvi wa ngamia. Wanataka sheria kwamba ngamia akiingia barabarani akagongwa, mwenye gari alipe. Karani anasema, 'Na mwenye gari akifa?' Mmoja akasema, 'Basi ngamia alipe.' Wallahi, shemeji, hivyo hivyo!" Mwishowe Karani aliandika kwamba kila ngamia atiwe alama ya mwenyewe, na mwenyewe awajibike kwa kumwacha ovyo. Wafugaji walimnunia msimu mzima.

Alikuwa na desturi moja niliyoipenda kuliko zote. Mkutano ukimalizika na watu wakishavaa viatu, aliuliza: "Nani hakuja leo?" Kisha akatoka kwa miguu, akenda kwa wale ambao hawakuja. Alikwenda kwa mjane anayeuza mikeka, kwa kipofu aliyekuwa akiadhini zamani, kwa wachunga mbuzi walio kwenye mahema mbali, kwenye njia iendayo mji wa Adam. Aliwauliza mnataka nini, akaandika. Zaidi ya mara moja haja yao iliwekwa mbele ya haja za wenye nguo nyeupe. Kisima cha wale wafugaji kilichimbwa kwa sababu hiyo, na mpaka leo wakiteka maji hapo wanamtaja.

Wala hakuogopa. Palikuwa na tajiri mmoja aliyetaka kuchimba kisima cha pampu juu ya chimbuko la falaji, yaani ule mfereji wa kale unaogawa maji ya mashamba kwa saa. Karani aliandika, jambo la kwanza katika sehemu ya sheria, kwamba chimbuko liwekewe mpaka na mtu yeyote asichimbe ndani yake. Tajiri alimfuata mpaka ngazi za ofisi, na shemeji yangu alikuwapo.

"Wewe umekuja jana kutoka Zinjibari," tajiri alimwambia, "leo unatufundisha maji ya babu zetu?"

"Maji ni yenu, sheikh," Karani alijibu. "Mimi kwangu nakunywa ya ndoo."

Huyo ndiye mtu aliyekuwa mtetezi wetu. Na nisisitize hapa, kwa sababu asiyetoka katika watu wetu hatalielewa: sisi wa Ng'ambo hatukwenda barzani. Hatukuzuiwa. Tuliona haya. Wanaume wetu walikuwa waalimu, mafundi, madereva, wengine walikwishashika vyeo huko walikotoka, lakini Kiarabu chao kilikuwa cha msikitini au cha sokoni, na walipofungua midomo palikuwa na kijana wa kutabasamu. Mtu aliyekuwa na heshima yake hakupenda kuchekwa na walio rika la wanawe. Kwa hiyo walimwambia Karani haja yao uani kwake, kwa Kiswahili, na kuondoka wamepumua. Yeye alikuwa ulimi wetu. Tulimkabidhi, tukaacha kusema.

Nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Nilipita kila alfajiri ya skuli, yeye amekaa kizingitini akifunga mkoba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bi Mwalimu. Watoto watafunzwa nini leo?"

"Hesabu, Mzee."

"Hesabu ni nzuri. Haina jamaa."

Alipenda maneno ya namna hiyo, na mimi nilipenda kuyabeba. Jamaa ndilo neno lililomkera kuliko yote. Mtu wa Nizwa, aliyekuwa na shauri ofisini, aliwahi kumletea sinia la halua nyumbani. Mke wa Karani, asijue, aliwakatia wajukuu. Karani alirudi, akauliza, akanunua halua nyingine sokoni kujaza pale palipokatwa, akalirudisha sinia zima. Mwanawe alipomaliza masomo, wilaya ilitakiwa ipendekeze vijana wanne wapelekwe nje kusoma. Alikuwa wa pili kwa alama. Baba yake alimfuta, akampandisha aliyekuwa wa tano mahali pake. Kijana akenda kuwa mtunza ghala Sur, na sikuwahi kumwona tena akija kula sikukuu kwa baba yake.

Hilo pia nililisimulia darasani. Nilisimama mbele ya wasichana arubaini nikalisimulia kama sifa. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza, "Lakini yule wa pili alikosa nini, Mwalimu?" Nikamwambia akae.

Kila mwaka, orodha ikishapelekwa, wanaume wa Ng'ambo walimuuliza barazani kwake, "Bwana Karani, daraja letu?" Naye alijibu neno moja, "Nimeliandika." Walishukuru, wakasubiri. Mwaka ukapita bila jibu, ikaja barabara ya mtaa wa juu, ukaja umeme, likaja darasa jipya. Daraja halikuja. Tuliilaani Maskati kwa sauti za chini. Shemeji yangu alimtania: "Mzee, hilo daraja letu limekwama wapi, au linatembea kwa miguu?" Karani hakucheka. Nilidhani ni huzuni ya mtu aliyeomba na kunyimwa.

Baada ya orodha ya nne mvua ilinyesha milimani.

Ilikuwa baada ya sala ya alasiri. Mdogo wangu Zuwena alikuwa na mimba ya miezi minane, uchungu ukamshika kabla ya wakati. Shemeji alimpakia katika gari la maji, mbele, mimi nikimshika kwa nyuma. Tulipofika ukingoni maji yalikuwa yameshapita kiuno cha mtu na mti mzima wa mkwaju ulikuwa ukielea katikati, mizizi juu. Upande wa mjini, hatua labda mia mbili, tulimwona muuguzi wa zahanati amesimama na koti lake jeupe. Alikuwa ameona gari, ameelewa. Alikuwa akipunga mkono, na sisi tukipunga, na hapakuwa na jambo lingine ambalo mmoja wetu angeweza kumfanyia mwenziwe.

Mke wa Karani, aliyetufuata na mumewe mpaka ukingoni, ndiye aliyemzalisha, ndani ya gari, kwa mikono na maji ya birika. Mtoto alizaliwa hai. Alilia mara moja, sauti ndogo kama ya paka, kisha pumzi ikawa inakuja na kukatika, na midomo ikaanza kugeuka rangi. Mke wa Karani alisema, "Huyu anataka hewa ya mashine. Huyu anataka kuvuka tu." Alilisema neno hilo mara tatu, kuvuka tu, kana kwamba anambembeleza mtu.

Karani alikuwa amesimama nje na mwavuli. Shemeji yangu alishuka, akamshika kifundo cha mkono. Sauti yake siku hiyo haikuwa ya kuiga mtu.

"Mzee. Daraja uliliandika?"

"Nimeliandika," alisema Karani.

"Kila mwaka?"

"Kila mwaka nimeliandika."

Mtoto aliishi kiasi cha saa moja. Tulimzika siku ya pili upande wetu, kwa kuwa makaburi ya mji nayo yako ng'ambo ya pili.

Orodha tatu nyingine zilikwenda baada ya hapo. Kisha Karani akastaafu, na akateuliwa katibu mpya, kijana wa mjini aliyerudi na shahada. Baba yake alikuwa miongoni mwa wale waliotucheka barzani kwa miaka, mwenye duka la vitambaa, ulimi kama wembe. Ng'ambo tulikata tamaa. Tulisema, ikiwa mtu wetu ameomba mara saba na kunyimwa, huyu hata hatajua kwamba tupo.

Mwaka wa pili wa katibu mpya mashine zilishuka wadini. Daraja lilikuwa la zege, pana la kupita magari mawili, na lilikamilika kabla ya mvua. Wanawake walipiga vigelegele. Zuwena hakuja kutazama. Yeye na mumewe walikuwa wamekwishahama; alikataa kulala tena upande ambao hauna zahanati, wakapanga nyumba mjini, nyuma ya soko.

Nilikwenda ofisini, kwa jambo la madawati, na nikaona ni uungwana kumshukuru kijana yule. Nilimwambia kwa Kiarabu changu cha kujikongoja kwamba Mungu amlipe, na amlipe na mzee aliyemtangulia, aliyesubiri miaka saba bila kuchoka.

Alinitazama. "Kusubiri gani, ya ustadha?"

"Kuomba daraja."

"Halikuombwa," alisema. "Mimi mwenyewe nilishangaa. Siku ya kwanza nilikwenda wadini na gari, nikasema, hawa watu wanavukaje? Nikalifungua faili nione Maskati wamejibu nini. Wallahi hapana hata mstari. Nikaliandika la kwanza, wakakubali mwaka ule ule. Nilisema labda nyinyi hamlitaki."

Aliniletea faili. Hakuniletea kwa ubaya. Alidhani nina shaka na neno lake. Nilikaa kwenye kiti cha wageni, nikazisoma orodha saba, moja baada ya moja, kwa hati nzuri niliyoijua kama ninavyoijua ya marehemu baba yangu. Kisima cha wafugaji. Taa za soko. Chimbuko la falaji. Ngamia. Mambo saba mara saba. Niliisoma ile ya tano, iliyofuata mvua ile, mara mbili, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. La kwanza katika mwaka ule lilikuwa ukuta wa makaburi.

Kijana aliniuliza kama nataka maji. Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka kwamba nilirudi kwa miguu, nikafika katikati ya daraja, nikasimama kwenye ukuta wake kutazama ukingo tuliposimamisha gari la maji siku ile.

Karani alikuwa uani kwake, peke yake. Mkewe alikuwa amekwishafariki. Watu walisema tangu daraja lifunguliwe hajawahi kulikanyaga. Akitaka kwenda mjini hushuka wadini na bakora yake, akavuka kwenye kokoto kama zamani. Walisema ni mazoea ya wazee.

Sikumwamkia. Ndiyo mara ya kwanza katika maisha yangu kuingia kwa mtu mzima bila kusema shikamoo, na yeye alielewa kabla sijafungua mdomo. Aliinuka polepole, akaingia chumbani, akatoka na madaftari saba yenye majalada ya buluu, akaniwekea mkekani.

"Soma," alisema.

Katika kila daftari, ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, kwa wino mweusi: Daraja la wadi, kwa watu wa Ng'ambo. Na katikati ya maneno hayo, katika kila daftari, mstari mmoja mwekundu wa kuyafuta, mwembamba, umenyooka.

"Niliandika," alisema. "Sikusema uongo."

"Mzee, usinifanyie hivyo," nilimwambia. "Mimi ni mwalimu. Najua mtoto anavyojibu anapotaka neno lake lipite mtihani. Kwa nini?"

Akanihadithia. Siku yake ya kwanza barzani, kabla hajakaa, yule mwenye duka la vitambaa alisema kwa mzaha, "Haya, sasa mtaona! Kalamu iko kwa Mzinjibari. Mabomba yote, taa zote, zitahamia kwao." Watu wakacheka, na Liwali akacheka pamoja nao. Karani alikaa, akafungua daftari, akaapa moyoni kwamba mtu hatapata nafasi ya kusema neno lile tena. Hata kwa jambo moja. Alitaka akitoka katika ofisi ile, iandikwe kwamba watu wetu waliaminiwa kalamu na hawakujipa kitu.

"Kwa kicheko," nilisema.

"Kwa kicheko."

"Na yule aliyecheka, Mzee, mwanawe ndiye aliyetuombea. Nimetoka kwake sasa hivi. Ameniuliza kama hatulitaki."

Alifumba macho. Nilimwacha afumbe. Kisha nikauliza lile ambalo lilinipandisha kutoka darajani mpaka uani kwake: "Na baada ya mtoto? Orodha tatu zilikuja baada ya mtoto. Mkeo alimshika kwa mikono yake. Mwaka ule ukaandika ukuta wa makaburi."

Alipojibu, sauti ilikuwa ya mtu mwingine, mdogo kuliko yule tuliyemjua.

"Mwaka ule Liwali angeniuliza, mbona miaka minne hukulitaja? Na nyinyi mngesikia. Hapo haikuwa heshima ya watu wetu tena, mwanangu. Niliogopa."

Nimesoma vitabu vingi juu ya dhulma. Vyote vinamweleza mtu anayejichotea. Sikuwahi kusoma kitabu kinachomweleza mtu anayekataa kuchota, akakataa kwa niaba ya wengine, wakiwa na kiu, nao wakimpigia makofi. Na miongoni mwa waliopiga makofi hakuna aliyepiga kwa nguvu kuliko mimi. Yule msichana aliyeinua mkono aliliona jambo zima, nikamwambia akae. Sasa nami ndiye niliyekaa, juu ya mkeka, mbele ya mistari saba myekundu, na mshtuko wangu haukuwa kwa Karani peke yake.

Nilifunga madaftari. Nilikuwa nimeshasimama, kiatu kimoja mguuni, aliponiita.

"Bi Mwalimu. Yule mtoto. Alikuwa mwanamume au mwanamke?"

Nilishika mlango. Miaka mingi nyumba ya tatu, na hakuwahi kuuliza. Mtu aliyekwenda kwa miguu mpaka njia ya Adam kumuuliza mchunga mbuzi haja yake.

"Mwanamke," nilimwambia.

"Alipewa jina?"

"Alipewa. Alilia, Mzee, ulimsikia. Aliyelia hupewa jina."

"Nani?"

Jina lilikuwa kwenye ulimi wangu. Nilivaa kiatu cha pili.

"Mama yake ndiye aliyempa," nilisema. "Muulize yeye. Nyumba yake iko nyuma ya soko, ng'ambo ya pili ya daraja."

Alitazama upande wa wadi, ingawa ukuta wa ua ulimziba asione kitu. Mkono wake ulikuwa ukipapasa mkekani, ukitafuta bakora.

"Atanifungulia?"

"Sijui," nilimwambia. "Kaombe."